Kumshinda Profesa

Chumba chetu cha utafiti kilikuwa mwisho wa korido ya ghorofa ya chini, baada ya stoo ya vitanda vibovu. Ndani palikuwa na meza moja pana iliyofunikwa kitambaa cheusi, viti viwili vinavyotazamana, kamera iliyofungwa juu ya meza ikiangalia chini, na feni iliyozunguka pale ilipojisikia. Kazi yangu ilikuwa kamera, kwa hiyo wagonjwa waliniita Kamera. Sikuona ubaya. Wako watu katika hospitali ile wanaoitwa vibaya zaidi na bado wanaitika.

Mwenye utafiti alikuwa Profesa, daktari wa mishipa ya fahamu, na Profesa ni mjomba wangu, kaka wa mama yangu tumbo moja. Nyumbani kwake nilimwita Mjomba. Hospitalini alinikataza tangu siku ya kwanza.

"Hapa hakuna mjomba," aliniambia. "Hapa ukiharibu nakufukuza mchana kweupe, halafu jioni unakuja nyumbani tunakula pamoja kama kawaida."

Sikuharibu. Naijua kazi yangu, na niliipenda kazi ile kuliko zote nilizowahi kufanya.

Tulikuwa tunachunguza ugonjwa wa shingo. Ndani ya mifupa ya shingo hupita ugwe, kamba laini ya fahamu inayobeba amri kutoka kichwani kwenda mikononi na miguuni. Mifupa ikichakaa na kuota vinundu, huibana kamba hiyo polepole. Mara nyingi haiumi sana, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Mtu anaanza kuangusha vikombe. Anaandika, mwandiko unalewa. Anatembea kama sakafu imemwagiwa sabuni. Anasema ni uchovu, anasema ni umri, anasema ni hivi viatu vipya. Anapokuja kushtuka, kamba imeshapondeka, na kilichopotea hakirudi chote. Upasuaji unaweza kuuzuia ugonjwa usiendelee, lakini nani anakimbilia kupasuliwa shingo? Profesa alitaka kujua kama wale ambao ugonjwa wao bado ni mwepesi wanaweza kushikiliwa na mazoezi ya shingo na mikono, bila kisu.

Kipimo chetu kikubwa kilikuwa cha kitoto ukikitazama. Mgonjwa anaweka mkono juu ya kitambaa cheusi, anafunga ngumi na kuifungua, haraka awezavyo, kwa sekunde kumi. Mkono mzima hufanya hivyo kama mchezo. Mkono ambao ugwe wake umebanwa hufunguka kama mlango wa kabati lililovimba kwa mvua: unavuta, unagoma, unavuta, unagoma.

Ili tusijidanganye, hatukuhesabu wenyewe. Nilipiga video za mikono tu, bila sura wala jina, zikafungiwa hadi utafiti uishe, ndipo zihesabiwe na mhadhiri wa chuo kingine asiyemjua mgonjwa wetu hata mmoja. Hata mimi niliyezipiga sikuruhusiwa kuzifungua.

Sasa, mtu kufumba na kufumbua ngumi kila wiki, na usimwambie anaendeleaje, anachoka. Wagonjwa walianza kuja wamenuna. Ndipo Profesa akaleta mchezo wake. Kipimo kikiisha na kamera ikizimwa, yeye aliketi kiti cha pili, akakunja mkono wa shati, na kushindana na mgonjwa. Wa kwanza kufikisha ngumi kumi na tano anasema "Basi!" Dada wa mazoezi, ambaye ndiye aliyewafundisha wagonjwa kunyoosha shingo na kuminya mpira, alikuwa refa. Profesa aliwashinda wote, na alishinda kwa majigambo.

"Pole sana. Nenda kafanye mazoezi, urudi ukiwa na mkono."

"Mzee, wewe umekula nini?" waliuliza, wakaondoka wakicheka. Wiki iliyofuata walikuja mapema.

Wa kwanza kumshinda alikuwa Gia, dereva wa lori mstaafu, mtu mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Alisema "Basi!" Profesa akiwa bado njiani. Gia akasimama ghafla mpaka kiti kikaanguka.

"Nimempiga! Kamera, umeona? Nimempiga Profesa!"

"Nilikuachia," alisema Profesa.

"Uniachie una wazimu? Mzee, kubali gari limekupita!"

Tukacheka wote. Baada ya Gia wakaja wengine. Mwalimu wa hesabu akamshinda. Kisha muuza vitabu. Kila aliyeshinda alitoka kwenye korido amenyanyua mkono kama bondia, na waliokuwa wakisubiri kwenye benchi walimpigia makofi. Mimi nilikuwa na furaha isiyo na breki. Nilimwambia kila mtu kwenye kantini kwamba mazoezi ya mjomba wangu yanafanya kazi, na aliyetia shaka nilimuuliza yeye amegundua nini maishani zaidi ya foleni ya chai. Profesa alinikemea kwamba namba bado zimefungwa, ila alinikemea akitabasamu. Nilimsikia akimwambia dada wa mazoezi, "Naona mazoezi yanakubali. Yanakubali kabisa."

Kisha ikaja zamu ya Fundi.

Fundi alikuwa mshonaji wa nguo, mama mnene mpole mwenye ulimi usio na upole hata kidogo. Katika wagonjwa wote, mkono wake ndio uliokuwa mbaya zaidi. Siku ile alimshinda Profesa kwa mbali. Alicheza palepale, kwa tahadhari, ameshika ukingo wa meza kwa sababu miguu yake nayo haikuwa ya kuaminika.

"Profesa, pole baba," alimwambia. "Ukitaka nikufundishe, nina nafasi jioni."

Nilimsindikiza mpaka mlangoni. Nje kulikuwa na baridi, naye alikuwa amevaa sweta la vishikizo. Alihangaika na kishikizo cha juu, vidole vikateleza, akahangaika tena, kisha akanigeukia kana kwamba ni jambo la kawaida.

"Nifungie hiki, mwanangu."

"Si umemshinda Profesa sasa hivi?"

"Profesa nimemshinda. Hiki kishikizo ndicho kimenishinda mimi."

Nilimfungia huku nacheka. Halafu nikauliza, kwa mazungumzo tu, kama siku hizi uzi unaingia kwenye sindano.

"Uzi gani? Natungiwa na mkwe wangu. Kama mwaka jana, kama juzi. Vidole ni vilevile, Kamera. Sijui hata leo nimeshindaje."

Akaenda zake. Mimi nilibaki mlangoni na kicheko kimenikauka mdomoni. Kama vidole vya Fundi ni vilevile, na Fundi ameshinda, basi kuna kitu kingine kilichobadilika kwenye meza ile. Na kwenye meza ile mikono ilikuwa miwili.

Kwa kawaida mimi jambo likinijia kichwani linatokea mdomoni kabla sijafikiri. Siku hiyo nilinyamaza. Nilijaribu kuukumbuka mkono wa Profesa katika mchezo wa wiki zile zote, na nikagundua kwamba sikuwahi kuutazama. Nani anamtazama daktari? Sote tulikuwa tunamtazama mgonjwa.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kunywa chai nyumbani kwao. Mjomba alikuwa hajatoka chumbani. Mkewe alikuwa akikata mkate, na nikamuuliza mjomba hajambo.

"Hajambo, ila kiburi," alisema. "Siku hizi ananyolewa kwa kinyozi. Miaka yote kajinyoa mwenyewe, sasa anasema wembe wa dukani haufai. Na usiku akienda chooni lazima awashe taa zote kama kuna harusi. Nikimuuliza, ananiambia macho."

"Macho?"

"Macho. Na yeye ni daktari, mimi nimjibu nini?"

Mjomba akatoka, akaketi, akamimina chai. Nilitazama mkono. Kikombe alikishika kwa mikono miwili, kama mtu anayeota moto. Kidole chake cha mwisho kilikaa mbali na vingine, peke yake, kama mtoto aliyegombana na ndugu zake. Yeye ndiye aliyenifundisha alama hiyo. Alinionyesha mikono mingi kwenye picha na kuniambia: ukiona kidole cha mwisho kimewakimbia wenzake na hakirudi, usitazame kidole, tazama shingo.

Ningeweza kumwambia palepale. Lakini namjua mjomba. Ukimwambia neno, anakuomba ushahidi, na ukileta ushahidi nusu, anakutoa jasho mbele ya watu mpaka ujute kuzaliwa. Na kila wiki anayobishana ni wiki ambayo kamba inapondwa. Nilitaka ushahidi ambao hata yeye hataubishia.

Jumatatu, kabla hajaketi kwenye kiti cha pili, nilikikalia mimi.

"Leo nashindana mimi," nilisema.

Profesa alinitazama juu ya miwani. "Na kamera?"

"Imeshazimwa."

"Mwache kijana," alisema Gia, ambaye siku ile alikuwa wa kwanza kwenye foleni. "Nimempiga mjomba, nitashindwa na mpwa? Njoo, Kamera, nikupeleke shule."

Dada wa mazoezi akahesabu. Nilifika kumi na tano Gia akiwa hata nusu hajafika. Mkono wake ulikuwa ukifunguka taratibu, vidole vikibishana. Alitazama mkono wake, akatazama wangu.

"Wewe ni kijana," alisema. "Haihesabiki."

"Haya, ashindane na dada," nilisema. "Au mwiteni mfagizi wa korido. Ana umri wa Profesa."

Mfagizi akaitwa, akacheka, akaacha ufagio mlangoni, akamshinda Gia bila haraka, kisha akamshinda muuza vitabu. Akauliza kama kuna zawadi. Akaambiwa hakuna. Akarudi kazini kwake.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni akisubiri zamu yake. Hakuja mezani. Alinitazama kwa macho yaliyonichoma.

"Mwanangu, umetuleta hapa kutuvunja moyo?" aliuliza. "Kuna kosa gani mtu akifurahi kidogo?"

Nikageuka kumtazama Profesa.

Profesa alikuwa amesimama karibu na dirisha. Hakunikemea. Alikuwa ameuinua mkono wake wa kulia usawa wa kifua, anautazama kwa utulivu, kama kitu alicholetewa na mtu mwingine. Alifunga ngumi. Akaifungua. Akaifunga tena. Nikajua ameelewa kabla yangu, kabla ya yeyote, na pengine muda mrefu kabla ya siku ile.

"Kwa leo inatosha," aliwaambia wagonjwa. "Hamjakosea kitu. Wiki ijayo nitawaeleza, na nitawaeleza mwenyewe."

Walipotoka, dada wa mazoezi akafunga mlango nyuma yao na kubaki nje. Tulibaki wawili na feni.

"Unajiona mwerevu," alisema Profesa.

"Ndiyo."

"Nimefikisha umri wa kupunguza kasi. Ni uzee."

"Mfagizi ni rika lako."

"Mfagizi anafanya kazi ya mikono."

"Wewe kila wiki unafanya mazoezi yaleyale unayowafanyisha wagonjwa. Nakuona ofisini unaminya ule mpira. Ulianza kuuminya lini, Mjomba? Na kwa nini?"

Neno lilinitoka tu. Hakunisahihisha. Alivuta kiti, kile cha mgonjwa, akaketi taratibu, mkono mmoja ukitafuta meza kabla mwili haujashuka.

"Nilifikiri," alisema. "Nilifikiri kama yanawasaidia wao, yatanisaidia na mimi. Na kila waliponishinda niliwafurahia. Nilijiambia, tazama, yanafanya kazi. Unaona ujinga huo? Nilikuwa napima dawa kwa kuutazama ugonjwa wangu."

"Unaogopa kisu."

"Sana," alisema, bila aibu yoyote. "Nimewatuma watu wengi kwenye kisu kile. Najua wanapofungua wanafungua wapi. Ninyi mnaogopa msichokijua. Mimi sina bahati hiyo."

Nilikaa kiti cha daktari. Sikupenda kukaa pale, lakini hapakuwa na kiti kingine.

"Nipe mkono," nilisema.

"Wewe si daktari."

"Umenifundisha mwenyewe. Nikikosea, nifukuze mchana kweupe."

Akanyoosha mkono. Ulikuwa na joto, mkavu, mwepesi kuliko nilivyotazamia. Nilimshika kidole cha kati, nikafyatua ukucha wake kuelekea chini, jinsi alivyonionyesha. Kidole gumba kikaruka kuelekea kiganjani, chenyewe, bila ruhusa yake. Kwa mtu asiye na ugonjwa huu kidole hicho aghalabu hutulia.

"Rudia," alisema.

Nikarudia. Kikaruka.

"Mkono wa kushoto."

Kikaruka nao, kwa unyonge zaidi.

Alivuta pumzi, kisha akaanza kusema kwa sauti ileile anayotumia darasani, kama vile anamweleza mwanafunzi kuhusu mtu aliyelala kitanda cha mwisho: mwanamume, mikono yote miwili, wa kulia zaidi, anayumba gizani, akiinamisha shingo anasikia kitu kama umeme kinashuka mgongoni. Hilo la umeme sikulijua. Wala mkewe hakulijua.

"Tangu lini?" niliuliza.

"Tangu zamani ya kutosha kuniaibisha."

"Twende tukapige picha ya shingo. Leo."

"Nina mihadhara."

"Mjomba."

"Nina mihadhara, nina mitihani ya kusahihisha, nina watu kwenye utafiti ambao—"

"Mjomba, mgonjwa akikuambia ana mitihani ya kusahihisha unamjibu nini?"

Najua majibu yake kwa wagonjwa, nimeyasikia kila wiki, na si ya upole.

"Namfukuza ofisini," alisema hatimaye, "mpaka arudi na picha."

Picha ilipigwa siku hiyohiyo. Sikuhitaji kusomewa. Katikati ya shingo, mahali ambapo ugwe unapaswa kupita mnene na laini, ulikuwa umekandamizwa, ukawa mwembamba kama uzi uliopita chini ya mlango.

Jumatatu iliyofuata aliwaeleza wagonjwa, kama alivyoahidi. Aliketi mbele yao na kusema kwa maneno machache: hamkuwa mnapanda ninyi, nilikuwa nashuka mimi. Inawezekana mazoezi yanawashikilia msishuke, inawezekana hayafanyi lolote. Alikuwa ameiomba kamati inayosimamia utafiti ifungue video sasa, isingoje mwisho, na kila mmoja wao angeonana na daktari wa upasuaji akajue hali yake bila kupambiwa.

Kisha Gia akakohoa.

"Kwa hiyo mimi miezi yote hii nimejisifu mtaa mzima kwamba nimempiga mgonjwa mwenzangu?"

Profesa ndiye aliyecheka wa kwanza. Fundi hakucheka. Alinyanyuka, akaja mpaka alipoketi Profesa, akamshika bega.

"Baba, wewe unapasuliwa?"

"Nadhani."

"Unadhani, au unapasuliwa?"

"Sijakubali bado."

"Basi ukishakubali, niambie," alisema Fundi. "Na mimi ndipo nitakapojua la kufanya. Maneno ya kwenye karatasi nimeyasikia. Nataka kuona wewe unafanya nini."

Mjomba aliitikia kwa kichwa.

Alasiri tulikwenda kwa daktari wa upasuaji. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, aliyekuwa mwanafunzi wa Profesa miaka mingi iliyopita. Aliiweka picha ukutani, akawasha taa nyuma yake, akaitazama kuliko alivyotutazama sisi.

"Ulinifelisha mtihani wa shingo, Profesa," alisema, bado amegeukia picha.

"Ulistahili."

"Nilistahili. Basi omba niwe nimesoma tangu siku ile."

"Nimeuliza watu. Wanasema umesoma."

Hapo ndipo alipogeuka. Alieleza polepole, bila kuficha: wapi atapasua, nini anatarajia kukizuia, nini hawezi kuahidi kukirudisha. Mkono wa kulia huenda usiwe tena ulivyokuwa. Miguu inaweza kuokolewa, ila isingoje. Profesa alisikiliza akiwa ameweka mikono yote miwili juu ya magoti. Aliuliza maswali mawili ya kitaalamu ambayo sikuyaelewa, akajibiwa. Hakuuliza la tatu.

"Kuna nafasi wiki hii," daktari alisema. "Au unataka muda wa kufikiri?"

Mjomba alitazama picha ya shingo yake.

"Muda wa kufikiri nimeshautumia wote," alisema. "Wiki hii."

Tulitoka kwenda kumpigia simu mkewe. Korido ile ilikuwa imetoka kupigwa deki, inang'aa, na mjomba alisimama mwanzoni mwake akiipima kwa macho. Kisha, bila kunitazama, akanipa mkono wake, nikaubana kwapani kwangu. Nilikuwa nimejaa nguvu za ajabu, nataka tufike, nataka simu ipigwe, nataka siku ya upasuaji ije kesho asubuhi. Nikaanza kwenda.

"Taratibu, bwana," alisema mjomba, akinivuta nyuma. "Anayepasuliwa ni mimi. Wewe unakimbilia nini?"